TUSINGOJE MPAKA MKANDA UKATIKE

KILA mwaka, majira ya mvua yanapokaribia, viongozi wa Chama na wa Serikali huwahimiza wananchi kupanda miti. Kila halmashauri imekuwa ikitakiwa kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka, na watumishi wa umma pamoja na walimu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo: afisa hupanga na kugawa miche, mwalimu huongoza wanafunzi wenye majembe na ndoo. Hilo ni jambo jema na linastahili sifa. Lakini ni wachache miongoni mwetu ambao, wakiwa wameinama kuufukia mche, hujiuliza mbegu yake ilitoka wapi.

Mara nyingi ilitoka juu. Koni ya msindano ikishakomaa hufunguka, na mbegu zake zenye bawa hupeperushwa na upepo. Mbegu za mgrevilea, ule mti wa kivuli unaojulikana sana katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, nazo huruka muda mfupi baada ya kukomaa. Anayezitaka hana budi kuzifuata kwenye matawi kabla hazijaondoka, na mtu huyo huzifuata akiwa ananing'inia kwa mkanda. Tangu mwaka 1989, ulipoanzishwa mradi wa taifa wa mbegu za miti wenye makao yake Morogoro, ukusanyaji wa mbegu umekuwa ni kazi ya utumishi wa umma yenye taratibu zake za kitaalamu. Na kazi hiyo haiwezi kukamilika bila mtu aliyekubali kwenda juu.

Wala mkusanya mbegu si peke yake. Yuko anayekata matawi yaliyolalia nyaya za umeme. Yuko anayeitwa kupunguza mwarobaini uliolifunika paa la ofisi, au mwembe mkongwe ulioinamia darasa la watoto. Yuko fundi wa nguzo. Wote hao wanaifanya kazi ambayo sisi tulio chini hatuwezi kuifanya, na wote roho zao hushikiliwa na vipande vichache vya utepe, uzi, kamba na chuma. Makala haya yanahusu vipande hivyo, na hasa yanahusu swali moja: ni nani anayeamua kwamba kipande kimechakaa, na huamua lini?

Mkanda si kitu kimoja

Mtu asiyekwea akiuona mkanda wa kukwea ukiwa umetundikwa ukutani, huudhani kuwa ni kitu kimoja: ama ni mzima, ama ni mbovu. Hapo ndipo makosa yetu yanapoanzia. Mkanda ule ni mkusanyiko wa sehemu nyingi, na kila sehemu ina umri wake.

Kuna utepe mpana unaozunguka kiuno, na tepe mbili zinazozunguka mapaja ili mtu aweze kukaa kama aliye kitini. Kuna bizimu za kukazia. Kuna pete za chuma ubavuni, ambako hufungwa kamba fupi ya kujizungushia kwenye shina. Na mbele, chini kidogo ya kitovu, kuna kipande cha kamba kisichofika hata urefu wa mkono, kilichounganisha upande wa kulia na wa kushoto. Tukiite daraja, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Juu ya daraja hilo huteleza pete moja, na pete hiyo ndiyo inayoungana na kamba kuu iliyofungwa juu ya mti. Mkwezi anapojinyoosha kulia kufikia koni, pete huteleza kulia. Akirudi kushoto, nayo hurudi kushoto. Uzito wote wa mwili wake umo juu ya kipande hicho.

Hebu tufikirie basi daraja hilo hupitia nini kwa siku moja. Pete hulisugua mara mamia. Utomvu wa msindano hulinata, na juu ya utomvu hunasa mchanga na vumbi. Chembe za mchanga huingia ndani ya msuko wa kamba, na kila mtu anapojigeuza chembe hizo hukata nyuzi moja moja, mahali ambapo macho hayafiki. Bandu bandu huisha gogo. Kwa hiyo daraja huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine za mkanda, huku tepe za kiuno na za mapaja zikiwa bado na nguvu.

Ugwe mwembamba unaojifunga juu ya kamba kuu, ambao ndio breki ya mkwezi, nao una adui wake, yaani joto. Mkwezi akishuka kwa haraka, msuguano huupasha ugwe moto. Na nailoni huyeyuka kati ya nyuzi joto 220 na 260 za Selsiasi kulingana na aina yake. Ugwe ulioungua hung'aa na kuwa mgumu, na mtu asiyejua hufikiri kwamba ung'avu ule ni dalili ya upya. Karabina, yaani zile kulabu za chuma au aluminiamu zenye kilango, huchimbika kidogo kidogo pale kamba inapopita, au kilango chake huanza kugoma kujifunga. Tepe nazo huliwa na jua. Mshono huachia uzi mmoja, kisha wa pili. Ndiyo maana mafundi wengi wa vifaa hivi huushona mshono kwa uzi wa rangi tofauti na ya utepe: wanataka jicho lolote, hata la mtu aliye na haraka, lione uzi unapokatika.

Tena kuna uharibifu unaotokea mkanda ukiwa haufanyi kazi. Nailoni haipatani na tindikali, na poliesta haipatani na magadi makali. Sasa tuangalie bohari zetu. Ni mara ngapi mkanda umewekwa kando ya betri ya gari, au juu ya mfuko wa saruji uliopasuka, au chini ya dirisha lisilo na pazia ambapo jua huupiga kila siku kuanzia saa nane? Mtunza bohari huyo hana nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba kitu kile, ingawa kinafanana na kamba ya kufungia mizigo, hakitunzwi kama kamba ya kufungia mizigo.

Wanaotengeneza mikanda hii wanayajua yote hayo. Kwa sababu hiyo, katika mikanda mingi ya kisasa, daraja limefanywa liweze kufunguliwa na kubadilishwa peke yake, nalo huuzwa peke yake. Kila mkanda huja na kijitabu kinachoeleza sehemu ipi inabadilishwa, ipi ikichakaa mkanda mzima hauna budi kuachwa, na umri wa juu ni miaka mingapi. Wengi wao huweka kikomo cha miaka 10 kwa sehemu za nyuzi hata kama mkanda haujapata kutumika, na mkanda wa kazi ya kila siku hauwezi kutarajiwa kuufikia umri huo. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka kifaa kinachombeba mtu kichunguzwe kikamilifu na mwenye ujuzi, kwa kawaida kila baada ya miezi 6. Na hilo haliondoi wajibu wa mkwezi mwenyewe wa kuutazama mkanda wake kila asubuhi.

Kanuni ya “lete kibovu”

Katika ofisi zetu kuna kanuni ya siku nyingi ambayo kila mtumishi anaijua: anayetaka kipya alete kwanza kibovu. Kanuni hiyo ilitungwa kwa nia njema. Mali ya umma ilikuwa ikipotea, na bila kanuni kama hiyo bohari lingegeuka duka la ndugu na jamaa. Kwa ufagio ni kanuni nzuri. Kwa balbu ni kanuni nzuri. Hata kwa tairi la gari inafaa, maana dereva anaweza kulileta tairi lililokwisha kabla halijapasuka na kila mtu akaona kwamba limekwisha.

Lakini mkanda wa kukwea haumo katika kundi hilo. Mkanda hauonyeshi ubovu wake kwa namna ambayo afisa aliyeketi mezani anaweza kuuona. Ukiwa umekatika, kibovu hicho huletwa na machela. Mtu akianguka kutoka mita 20, ambao ni urefu wa kawaida kwa msindano uliokomaa au mnazi mrefu, hufika chini katika muda wa sekunde 2 hivi, akiwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Hapo hakuna nafasi ya kujaza fomu.

Tazama basi yanayotokea. Mkwezi anakuja na mkanda wake, anaeleza kwamba daraja limeanza kuvimba katikati na kulegea anapolikunja. Anaulizwa, “Kwani limekatika?” Anajibu kwamba halijakatika. Anaambiwa, “Basi bado linafaa.” Neno hili “bado” limejengewa nyumba katika utumishi wetu. Gari bado linatembea, paa bado halijaanguka, mkanda bado unafaa. Mwenye kulitamka hana nia ya kumwua mwenzake. Anatetea kasma yake, na anaogopa swali la mkaguzi wa hesabu: kwa nini ulitoa kipya ilhali cha zamani hakijaharibika? Kwa hiyo tusimlaumu afisa ugavi peke yake. Yeye anafuata kanuni, na kanuni ndiyo yenye kasoro, kwa kuwa inadai ushahidi ambao hauwezi kupatikana ila kwa kupoteza mtu.

Likikataliwa ombi lake, mkwezi hurudi kazini, kwani kazi inamngoja na mshahara ni wa kazi. Huenda kwa fundi viatu aliye karibu na stendi, akashonewa pale utepe ulipoachia. Fundi viatu ni mtu wa heshima na kazi yake ni njema. Lakini sindano yake imetengenezwa kwa ajili ya ngozi, na kila tundu jipya analolitoboa hukata nyuzi za utepe ambazo ndizo zilizokuwa zikibeba mtu. Uzi wake haukupimwa kwa uzito wa mtu anayeanguka. Mkanda hutoka pale ukionekana mzima zaidi, nao umekuwa dhaifu zaidi. Au mkwezi hununua kipande cha kamba dukani, ya kufungia mizigo au mbuzi, akalifanya daraja. Kwa macho ya mtu aliye chini hakuna tofauti yoyote. Tofauti ataijua yeye peke yake, siku moja, katika zile sekunde 2.

“Wazee walikwea bila mkanda”

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya kuiga nchi tajiri. Watasema wakwezi wa minazi wa Mafia, Bagamoyo na Tanga wamekwea tangu enzi na enzi kwa mikono, miguu na kitanzi cha kamba. Na wachuma karafuu wa Pemba hupanda mikarafuu kila msimu wakiwa na upembo na kikapu tu. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu inatoka katika fahari ya kazi.

Jibu la kwanza ni kwamba mkwezi hodari wa mnazi haidharau kamba yake. Huikagua, huitupa inapolika, na hakwei shina lililolowa kwa mvua. Wala hamwombi mtu ruhusa ya kuitupa: kamba ni yake, uamuzi ni wake, na uamuzi huo huufanya papo hapo chini ya mnazi. Mtumishi wa umma aliyevaa mkanda wa ofisi amenyang'anywa uamuzi huo. Mkanda ni mali ya Serikali, umeandikwa katika leja, na ruhusa ya kuutupa iko kwa mtu ambaye hajapata kuuvaa. Tukiwataja wazee basi tuwataje kikamilifu: tumechukua hatari yao tukaacha hadhari yao.

Jibu la pili ni kwamba wazee tunaowasikia wakisimulia ni wale waliobaki. Walioanguka hawasimulii. Hakuna kijiji cha pwani wala cha Unguja na Pemba kisichomjua mtu aliyevunjika kiuno kwa kuanguka mtini, aliyebaki ndani akihudumiwa na mkewe au mama yake. Kuwaita watu hao ushahidi wa kwamba mkanda hauhitajiki ni kugeuza mambo juu chini.

Na wapo wenye kukimbilia methali kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo huwafariji wafiwa, na katika kazi hiyo hatuna ugomvi nayo. Lakini kamba iliyochakaa kwa miezi minane machoni pa watu, ikaombewa badala yake mara mbili na ombi likakataliwa mara mbili, ikikatika mwezi wa tisa hiyo si ajali. Hayo ni matokeo ya uamuzi, na uamuzi huo una saini.

Kujitegemea si kubahatisha

Swali la fedha halikwepeki. Mikanda hii aghalabu huagizwa kutoka nje, na bei yake si ndogo kwa kasma ya matumizi mengineyo ya wilaya. Lakini hapo hapo ndipo hesabu inapotuonyesha jinsi tunavyojidanganya. Daraja ni sehemu ndogo kabisa ya gharama ya mkanda mzima. Ofisi inayobadilisha daraja na ugwe kwa wakati huufanya mkanda uishi umri wake wote unaokubalika. Ofisi inayongoja, mwishowe hununua mkanda mzima, kwa sababu pete iliyolegea juu ya daraja bovu imekwisha kuzila na tepe za pembeni. Au hununua mkanda, jeneza na nauli za msafara wa mazishi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili, hata ukiujenga ukuta, aliyepotea hapatikani.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na somo hilo halijapitwa na wakati. Lakini kujitegemea maana yake ni kutumia vizuri tulicho nacho, kukitunza na kukijua. Kumfunga mtu kwa kamba ya mbuzi juu ya mti si kujitegemea, ni kubahatisha kwa roho ya mtu mwingine. Nao Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na kuwadharau walio chini yake. Ipo dharau ya kutukana, ambayo kila mtu huiona. Na ipo dharau ya kimya, ya kumwona mwenye kazi ya mikono kuwa hajui anachokisema anapokwambia kwamba kamba yake imechoka. Hiyo ya pili ndiyo iliyojificha katika faili zetu.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu wa mwajiri wa kumlinda mfanyakazi, na kifaa cha kumkinga ni sehemu ya wajibu huo. Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 2005. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta mfuko wa kuwalipa wanaoumia kazini na familia za wanaokufa. Tunashukuru kwa yote hayo. Hata hivyo fidia humfikia mjane, haimfikii marehemu. Sheria imekwisha kusema kwamba mtu alindwe; linalobaki ni utaratibu mdogo mdogo wa bohari na meza, na huo hautungwi Bungeni. Unatungwa na sisi.

Nini kifanyike

Kwanza, kanuni ya “lete kibovu” iondolewe kwa vifaa vyote vinavyombeba mtu: mikanda, kamba, nyugwe na karabina. Badala yake iwekwe kanuni ya tarehe na ukaguzi. Sehemu iliyofikia umri uliotajwa katika kijitabu chake, au iliyoonekana kuchakaa kabla ya umri huo, ibadilishwe hata kama haijakatika; na cha zamani kirudishwe bohari kiwe ushahidi. Kwa njia hiyo mkaguzi wa hesabu hujibiwa, na mali ya umma hailiwi.

Pili, kila mkanda uwe na kadi yake, kama vile kila mgonjwa anavyokuwa na kadi yake hospitalini. Kadi ionyeshe namba ya mkanda, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuanza kutumika, tarehe za ukaguzi na jina la aliyekagua, na kila sehemu iliyobadilishwa. Mkanda usio na kadi usipande mti.

Tatu, sehemu inayowekwa iwe ile iliyoelekezwa na aliyeutengeneza mkanda: unene ule ule, urefu ule ule, na njia ile ile ya kufunga. Daraja refu kupita kiasi humtupa mtu mbali na kamba yake. Fupi mno humbana na kuchakaa haraka. Na baada ya kubadilisha, mkwezi asiende juu moja kwa moja. Ajining'inize kwanza nusu mita kutoka ardhini, ajigeuze kulia na kushoto, mwenzake akitazama kila fundo na kila bizimu. Dakika 10 za kazi hiyo ni sehemu ya kazi, wala asihesabiwe kuwa anapoteza wakati.

Nne, mkanda uliokataliwa ukatwe kwa kisu mbele ya watu wawili, vipande vipande, siku ile ile. Kuuweka kando kwa kungoja kamati ya kuondosha mali chakavu ni hatari, kwa sababu mkanda uliowekwa kando huokotwa. Mtu mwenye haja huuona, huufuta vumbi na kuuvaa. Taratibu za kufuta mali katika leja zinaweza kufuatwa kwa vipande vilivyokatwa sawa sawa na kwa mkanda mzima.

Tano, mwaka wa fedha unapoandaliwa, vipuri hivi viombewe fedha kwa jina lake, wala visiachwe vikapigania nafasi na karatasi na wino katika kifungu kimoja. Bohari liwe na madaraja na nyugwe za akiba wakati wote, zimefungwa mahali pakavu, penye giza, mbali na betri, petroli na saruji. Ombi la mkwezi lijibiwe siku ile ile. Kama kipuri hakipo, kazi isimame, na aliyeisimamisha asiulizwe.

Sita, na hili ndilo la msingi: neno la anayekwea liwe la mwisho pale anaposema kifaa hakifai. Anayeweza kusema kwamba kinafaa ni mwenye ujuzi wa kukagua. Lakini anayeweza kusema hakifai ni yeyote atakayekivaa, na asilazimishwe kwa barua wala kwa macho makali.

Wajibu wa walimu

Walimu wanaweza kujiuliza jambo hili linawahusu vipi. Linawahusu kwa njia mbili.

Ya kwanza ni ya karibu. Shule zetu zimejaa miti mikubwa, na matawi yake hukatwa. Mwalimu mkuu asimtume mwanafunzi juu ya mwembe kwa kuwa ni mwepesi na ana bidii. Na anapomwita mtu wa kukata matawi, aulize mkanda wake uko wapi, na autazame kwa macho yake kabla ya kutazama bei. Kama hauna daraja zima, kazi ingoje.

Ya pili ni kubwa zaidi. Vijitabu vinavyokuja na mikanda hii vimeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, kwa herufi ndogo, na aghalabu huishia katika faili au katika jaa. Mkwezi hutia saini kwamba amepokea kifaa ambacho maelezo yake hawezi kuyasoma. Taifa lililounda Baraza la Kiswahili mwaka huo huo wa Azimio la Arusha, yaani 1967, halina sababu ya kuliacha jambo hilo liendelee. Mwalimu wa lugha na mwalimu wa ufundi, wakiketi pamoja na mkwezi kwa siku mbili, wanaweza kutoa karatasi mbili za Kiswahili safi zenye michoro: sehemu hizi, dalili hizi za uchakavu, ubadilishaji huu. Karatasi hizo zikibandikwa kwenye mlango wa bohari zitakuwa na faida kuliko waraka wenye kurasa 20.

Tuna historia ya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia wakulima kwa redio, kwa vitabu vyepesi na kwa vikundi vya kujifunza, na mwaka 1980 ikafuata ile ya Misitu ni Mali. Kampeni hizo zilifaulu kumfikia mtu wa kawaida kwa sababu hazikumsemesha kwa lugha ya wataalamu, na waliozibeba vijijini walikuwa wengi wao walimu na watumishi wa ngazi za chini. Kama misitu ni mali, basi anayepanda juu yake kutuletea mbegu naye ni mtu, na mtu ni afya.

Mvua nyingine zitakuja, na hotuba nyingine za kupanda miti zitatolewa. Kabla ya siku hiyo, kila ofisi yenye mkanda hata mmoja iutoe bohari iupeleke mwangani. Mkubwa wa ofisi aushike mwenyewe, alikunje daraja kwa vidole vyake, autazame mshono, asome tarehe kwenye lebo. Kisha amwite atakayeuvaa na amwulize kama angependa kuuvaa. Akijibu kwamba daraja limekwisha, libadilishwe wiki hiyo hiyo, na cha zamani kikatwe mbele yao wote. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala semina. Inahitaji tukubali kwamba kitu kinachomshika mtu hewani hubadilishwa kingali kizima, maana baada ya hapo hakuna wa kukirudisha.